Mjumbe wa neva

mjumbe wa neva (wingi: *wajumbe wa neva*). Nomino, ngeli ya A-WA. Fani: fiziolojia, famasia, tiba ya binadamu na ya wanyama.

Maana. Kemikali inayotolewa na ncha ya seli ya neva, ikavuka upenyo mwembamba hadi seli ya jirani, iwe ya neva nyingine, ya msuli au ya tezi, na kuifanya seli hiyo ianze kazi, iongeze kasi au itulie.

Majina mengine. *Nyurotransmita, kipitishi cha neva, kemikali ya ujumbe.*

Makala haya yanahusu wajumbe wa mifumo miwili: mfumo wa neva unaojiendesha, ambao hutawala moyo, tezi, mboni na viungo vya ndani bila mtu kuamua, na mfumo wa neva wa utumbo. Mifano mingi imetoka Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Katika eneo hilo moja hukutana mambo matatu ambayo kila moja humlazimisha mfasiri kuijua dhana hii vizuri: viuatilifu vya mashamba ya vitunguu, sumu ya mishale ya wawindaji, na dawa ambazo madaktari wa wanyamapori huzitumia kuwalaza wanyama wakubwa. Tena ni eneo la lugha nyingi zisizo na undugu wa karibu: Kiiraqw, Kidatoga, Kimaasai na Kihadza. Mgonjwa na mhudumu wa afya hukutana katika Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili si lugha ya kwanza ya yeyote kati yao. Neno lenye utata hapo huweza kuchelewesha tiba.

1. Umbo na ngeli

*Mjumbe* ni mtu anayetumwa kupeleka habari. Katika matumizi ya leo ni pia mwanachama wa baraza au kamati, na mitaani hutajwa mjumbe wa nyumba kumi. Maana ya kwanza ndiyo iliyochukuliwa na fiziolojia.

Baadhi ya wafasiri hupinga neno hili kwa hoja kwamba kemikali si mtu, hivyo haifai kuingia katika ngeli ya viumbe hai. Hoja hiyo ina uzito katika maandishi ya maabara. Humo *nyurotransmita* (ngeli ya I-ZI) au *kipitishi* (ngeli ya KI-VI) huondoa ugumu wa upatanisho. Katika vitabu vya shule, vipeperushi vya afya na vipindi vya redio, *mjumbe* lina faida moja ambayo maneno mengine hayana: msomaji huelewa papo hapo kwamba kuna anayetuma, kuna anayepokea na kuna safari katikati. Jambo la msingi ni kuchagua istilahi moja na kudumu nayo katika matini nzima.

*Kijumbe* haifai. Neno hilo lina kazi zake tayari: mtu anayekusanya na kugawa fedha za upatu, au mtu wa kati anayepeleka habari za siri, hasa za uchumba.

2. Neva, mshipa, mshipa wa fahamu

Katika mazungumzo ya kawaida *mshipa* hubeba mzigo mkubwa. Ni njia ya damu, ni neva, ni kano inayounga msuli na mfupa, na katika sehemu nyingi ni jina la ugonjwa wa ngiri. Sentensi "sumu imeingia kwenye mishipa" yaweza kumaanisha kwamba sumu imo katika damu, au kwamba imegusa neva. Kwa daktari hayo ni mambo mawili tofauti. Katika maandishi ya tiba inafaa kutenga: *mshipa wa damu* (*ateri* au *vena* inapohitajika), *neva* na *kano*.

*Mshipa wa fahamu* ni kisawe cha zamani cha *neva*, na bado kinaeleweka kote. Hata hivyo hakifai katika mada hii. Fahamu ni hali ya kutambua, ilhali neva zinazojiendesha hufanya kazi pasipo mtu kutambua: hakuna anayeamua mboni yake ipanuke au utumbo wake usukume chakula. Kuandika "mishipa ya fahamu isiyo ya hiari" ni kumtwika msomaji mkanganyiko. *Neva zinazojiendesha* ni fupi na sahihi.

3. Mfumo wa neva unaojiendesha

Jina la mfumo huu lilibuniwa na mwanafiziolojia wa Uingereza, John Langley, mwaka 1898. Yeye pia ndiye aliyeutenga mfumo wa utumbo kuwa tawi linalojitegemea. Kwa kawaida hutajwa matawi matatu: *simpathetiki*, *parasimpathetiki* na *la utumbo*.

Tawi la simpathetiki huuandaa mwili kwa hatari na kazi nzito. Kiswahili kimeiona kazi yake muda mrefu kabla ya vitabu vya fiziolojia. Mchungaji anayekutana na nyati ghafla katika msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro husimuliwa hivi: *moyo ulimwenda mbio, kinywa kilimkauka, nywele zilimsimama, kijasho chembamba kilimtoka*. Kila kifungu hapo ni tendo la neva za simpathetiki. Tawi la parasimpathetiki hufanya kazi za utulivu: hupunguza mapigo ya moyo, huleta mate na machozi, hunywesha mboni, husukuma chakula na kufungua kibofu.

Kosa la kawaida katika tafsiri ni kuyaita matawi haya "la kuamsha" na "la kulaza". Parasimpathetiki hailazi kila kitu: moyo huutuliza, lakini utumbo na tezi za mate huzihimiza. Ni bora kubakiza majina ya kitaalamu na kueleza kazi kwa kila kiungo.

Kwamba neva huzungumza kwa kemikali kulithibitishwa mwaka 1921. Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, alisisimua neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua majimaji yaliyozunguka moyo huo na kuyatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Kitu kilichosafiri ndani ya majimaji hayo kilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

4. Wajumbe wakuu

*Asetilikolini.* Mjumbe wa ncha zote za parasimpathetiki, na pia wa vituo vya kati vya matawi yote mawili, yaani mahali ambapo neva inayotoka katika uti wa mgongo au shina la ubongo hukabidhi ujumbe kwa neva ya pili. Ndiye pia mjumbe kati ya neva za hiari na misuli ya mifupa. Tezi za jasho ni kighairi cha kukumbuka: neva zake ni za simpathetiki, lakini mjumbe wao ni asetilikolini.

*Noradrenalini.* Mjumbe wa ncha nyingi za simpathetiki. Ulf von Euler wa Sweden aliitambua kuwa mjumbe wa neva hizo mwaka 1946. Hubana mishipa ya damu na kuongeza nguvu ya moyo.

*Adrenalini.* Katika mfumo huu ni *homoni* zaidi kuliko mjumbe wa neva, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huimwaga katika damu. Tofauti ya *homoni* na *mjumbe wa neva* haimo katika kemikali yenyewe, imo katika njia: homoni husafiri na damu hadi viungo vya mbali, mjumbe wa neva huvuka upenyo wa jirani. Ndiyo maana noradrenalini yaweza kuitwa kwa majina yote mawili, kutegemea ilikotoka.

*Serotonini.* Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo utumboni, si katika ubongo. Kuieleza kuwa "kemikali ya furaha" pekee ni kuacha sehemu kubwa ya kazi yake.

*Oksidi ya nitrojeni (NO).* Gesi. Haihifadhiwi katika vifuko vya ncha ya neva kama wengine. Hutengenezwa pale inapohitajika na kupenya yenyewe. Hulegeza msuli wa utumbo.

*Dutu P, VIP na enkefalini.* Hizi ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Dutu P hukaza msuli wa utumbo, VIP huulegeza na kuongeza majimaji, enkefalini huzuia utoaji wa wajumbe wengine.

5. Mfumo wa neva wa utumbo

Ukuta wa njia ya chakula, tangu umio hadi mwisho wa utumbo mpana, una mitandao miwili ya neva. Mmoja upo kati ya matabaka ya msuli na hutawala mwendo. Mwingine upo chini ya utando wa ndani na hutawala majimaji na mtiririko wa damu. Seli za neva za mitandao hiyo zinazidi milioni 100. Utumbo uliokatwa mawasiliano na ubongo huendelea kusukuma chakula, kwa sababu una uwezo wake wa kupokea taarifa na kutoa amri.

Namna chakula kinavyosukumwa huonyesha jinsi wajumbe wanavyogawana kazi. Chakula kinapotanua ukuta, seli za utando hutoa serotonini, nayo huziamsha neva za hapo. Nyuma ya chakula, asetilikolini na dutu P hukaza msuli. Mbele yake, oksidi ya nitrojeni na VIP huulegeza. Mkazo nyuma na ulegevu mbele huzaa mwendo. Mfasiri anayeandika kwamba "utumbo hubana chakula" ametaja nusu ya tendo.

Ubongo na utumbo hupelekeana habari, hasa kupitia neva ya vagasi, na lugha imelitambua hilo. Mtu aliye *tumbo joto* ana wasiwasi. Hapimwi joto lake. Maneno kama haya yafaa sana kufunzia, mradi mwalimu asiyafanye kuwa ushahidi wa kitabibu.

6. Mjumbe hauawi?

Methali ya Kiswahili yasema *mjumbe hauawi*: aletaye habari, hata mbaya, asidhuriwe. Katika neva kanuni ni kinyume. Mjumbe aliyekwisha kutoa ujumbe lazima aondolewe mara moja, la sivyo ujumbe ule ule utaendelea kugonga mlango wa seli bila kikomo. Noradrenalini na serotonini hurudishwa ndani ya ncha ya neva iliyozitoa. Asetilikolini huvunjwa palepale na kimeng'enya kiitwacho *asetilikolinesterasi*, kwa muda wa sehemu ndogo ya sekunde.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi katika tafsiri. Maelezo mengi ya Kiswahili hutaja kutolewa kwa mjumbe na kupokelewa kwake, kisha hukoma. Upungufu huo hauonekani kuwa mkubwa mpaka yanapokuja maelezo ya sumu.

7. Mang'ola: mjumbe asipoondolewa

Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ni eneo la vitunguu. Ardhi ni kavu, lakini chemchemi hutoa maji ya umwagiliaji, na vitunguu vya huko husafirishwa hadi masoko ya mbali, Nairobi ikiwemo. Adui mkubwa wa zao hili ni thripsi, wadudu wadogo wanaokwangua na kufyonza majani. Dhidi yao, katika kilimo cha mboga na vitunguu nchini Tanzania, hupuliziwa viuatilifu vya makundi mbalimbali. Miongoni mwake ni *organofosfati*, kama profenofosi na klopirifosi, na *kabamati*.

Makundi hayo mawili huua wadudu kwa njia moja: huishika asetilikolinesterasi na kuizuia kufanya kazi. Kimeng'enya cha mwanadamu hakitofautiani vya kutosha na cha mdudu. Mkulima anapopuliza bila kinga, au bomba la mgongoni linapovuja na kuulowesha mgongo wake, sumu hupenya ngozi, na asetilikolini hurundikana katika kila kituo chake.

Dalili zinasomeka kama orodha ya kazi za asetilikolini zilizotajwa juu: mate hutiririka, machozi na jasho hutoka, mboni hunywea, kifua hujaa makohozi na kubana, moyo huenda polepole, tumbo husokota, mgonjwa hutapika na kuharisha, mkojo humtoka. Misuli hucheza-cheza kisha hulegea. Misuli ya kupumua ikilegea, mtu hufa. Jasho hutoka kwa sababu ya kighairi kile cha tezi za jasho.

Kwa hiyo sentensi "sumu hii huua neva" si sahihi. Neva hazijafa. Zinafanya kazi kupita kiasi, kwa kuwa mjumbe wao haondolewi. Tofauti hii hubadili matendo. Anayeamini neva zimekufa hudhani hakuna la kufanya. Anayejua kwamba ujumbe umezidi huelewa kwa nini ipo dawa: *atropini* hukalia vipokezi vya asetilikolini katika tezi, moyo, mapafu na utumbo, ili mjumbe agonge asisikilizwe. Atropini haigusi vipokezi vya misuli ya mifupa, hivyo udhaifu wa kupumua hubaki kuwa hatari na mgonjwa huweza kuhitaji mashine. Dawa za kundi la *oksimu*, kama pralidoksimu, hulenga kukibandua kimeng'enya kutoka katika sumu ya organofosfati, na huhitaji kutolewa mapema, kwa maana kifungo hicho hukaza kadiri muda unavyopita. Kifungo cha kabamati kwa kawaida huachia chenyewe baada ya saa kadhaa.

Mambo manne ya lugha yahitaji uangalifu hapa.

(a) *Dawa.* Wakulima husema *kupiga dawa* au *kupuliza dawa*, na neno *dawa* huwa ni sumu ya wadudu. Zahanatini *dawa* ni tiba. Muuguzi akiuliza "Umetumia dawa gani leo?" mgonjwa hutaja vidonge vya maumivu na kuacha kutaja bomba aliloshika tangu asubuhi. Swali lililo wazi ni: "Je, leo au jana umepuliza, umechanganya au umegusa dawa ya shambani?" Istilahi rasmi, *kiuatilifu* (wingi *viuatilifu*), imetokana na *-ua* na *tilifu*, kitenzi cha kuharibu: ni kitu kinachoua viharibifu. Imo hata katika jina la chombo cha serikali kinachosimamia bidhaa hizi, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwa mgonjwa, hata hivyo, *dawa ya shambani* hufahamika haraka zaidi.

(b) *Kuharisha na kutapika.* Dalili hizi zikitajwa peke yake huelekeza mawazo kwenye chakula kibovu au kipindupindu. Aliyepungukiwa maji kwa kipindupindu hukauka kinywa na macho. Aliyeathiriwa na organofosfati hutokwa na majimaji kila mahali. Mfasiri wa mwongozo wa afya asiifupishe orodha ya dalili kwa kudhani kwamba mate na machozi ni mambo madogo. Pamoja na mboni zilizonywea, hayo ndiyo yanayotofautisha.

(c) *Kizuia kolinesterasi.* Maneno haya kwenye lebo hayamhusu mkulima peke yake. Ni ujumbe kwa daktari. Yasifasiriwe kwa maelezo ya jumla kama "sumu kali". Tafsiri kamili ni: "Kiuatilifu hiki huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi." Lebo au chupa ipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa. Rangi ya ukanda wa chini ya lebo huonyesha daraja la ukali: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, buluu na kijani.

(d) *Maziwa.* Imani kwamba maziwa "hukata sumu" imeenea. Maziwa hayakiachilii kimeng'enya kilichoshikwa. Maandishi ya huduma ya kwanza yaseme waziwazi: mgonjwa aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali haraka. Anayemsaidia ajikinge mikono, kwa maana sumu iliyo katika nguo humwathiri naye.

8. Mnanaha: kinyume chake

Atropini ilipatikana katika mimea kabla ya kuwa dawa ya sindano. *Mnanaha*, gugu la jenasi ya *Datura* linalomea mashambani na karibu na mazizi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, lina atropini na skopolamini. Mtu aliyekula mbegu zake huonyesha dalili zilizo kinyume cha zile za Mang'ola: kinywa hukauka, ngozi huwa kavu na yenye joto, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, utumbo husimama, mkojo huzuilika, na akili huchanganyikiwa.

Mwezi Machi 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano walifariki baada ya kula uji wa chakula cha msaada. Uchunguzi ulikuta ndani yake kemikali hizo za mimea ya jamii ya mnanaha. Kwa mwalimu, visa hivi viwili vikiwekwa bega kwa bega hufundisha mfumo mzima: katika kimoja mjumbe haondolewi, katika kingine mjumbe hasikilizwi.

Hapa pia lugha ina mtego. Kuandika kwamba atropini "hupunguza asetilikolini" ni kosa. Asetilikolini inabaki vilevile. Kilichofungwa ni kipokezi. Kitenzi sahihi ni *huzuia kipokezi* au *hukalia kipokezi*.

9. Sumu isiyopitia wajumbe

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu ya mimea, mmojawapo ukiwa wa jenasi ya *Adenium*, wenye maua ya waridi na shina nene. Sumu hiyo mara nyingi hufasiriwa kuwa "sumu ya neva", kwa sababu mnyama huanguka. Tafsiri hiyo haifai. Viambato vyake ni glikosidi za moyo. Huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli, na pigo lao kuu ni msuli wa moyo wenyewe: mapigo huvurugika kisha moyo husimama. *Sumu ya moyo* ndilo jina linalofaa. *Sumu ya neva* litumike pale tu ambapo kazi ya neva au ya wajumbe wake ndiyo inayoshambuliwa.

10. Ngorongoro: mjumbe wa kuigiza

Katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, faru na wanyama wengine wakubwa hulazimika mara nyingine kulazwa ili watibiwe au wawekewe alama. Dawa maarufu ya kazi hiyo kwa faru na tembo barani Afrika ni etofini, ambayo nguvu yake huzidi ya mofini zaidi ya mara elfu moja. Huigiza wajumbe asilia wa kundi la enkefalini na kukalia vipokezi vyao katika ubongo.

Vipokezi hivyo vimo pia utumboni. Kwa hiyo dawa inayomlaza mnyama hupunguza na mwendo wa njia yake ya chakula. Kwa mnyama anayecheua, kama nyati, gesi hujaa tumboni kwa kukosa njia ya kutoka; madaktari humweka alalie kifua, si ubavu, na hufanya kazi haraka kabla ya kumpa dawa ya kumzindua. Kanuni hiyo hiyo hueleza kwa nini mofini humfunga choo mgonjwa wa binadamu, na kwa nini loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha inayouzwa madukani, hutenda utumboni ingawa ni ndugu wa mbali wa mofini.

*Dawa ya usingizi* ni jina lililozoeleka kwa etofini, lakini huwachanganya wasomaji, kwa kuwa huzifanya tembe za mtu asiyepata usingizi na dawa hii zionekane kuwa za jamii moja. Tone dogo la etofini likimwingia mtu huweza kumsimamisha pumzi. Katika maandishi ya usalama kazini, *dawa ya kulaza wanyama* ni jina bora.

11. Muhtasari wa matumizi

*Si sahihi:* Sumu ya organofosfati huua neva.
*Sahihi:* Sumu ya organofosfati huzuia kuondolewa kwa asetilikolini, na neva huzidi kutenda.

*Si sahihi:* Atropini huondoa sumu mwilini.
*Sahihi:* Atropini huzuia vipokezi vya asetilikolini mpaka mwili upate nafuu.

*Hafifu:* Sumu iliingia kwenye mishipa.
*Bora:* Sumu iliingia katika damu. / Sumu iliathiri kazi ya neva.

*Hafifu:* Serotonini ni kemikali ya ubongo.
*Bora:* Serotonini ni mjumbe wa neva na wa seli za utumbo. Kiasi kikubwa kimo utumboni.

*Hafifu:* Mjumbe huenda kwenye kipokezi.
*Bora:* Mjumbe huachiliwa, huvuka upenyo, hushikana na kipokezi, kisha huvunjwa au hurudishwa.

Sentensi hii ya mwisho ndiyo ramani ya kuifuata katika kila tafsiri ya mada hii. Dawa au sumu yoyote inayogusa wajumbe wa neva hugusa mojawapo ya hatua zake, na mfasiri aliyekwisha kuitambua hatua hiyo hupata kitenzi chake: *huongeza utoaji, huzuia utoaji, huigiza, hukalia kipokezi, huzuia kuvunjwa, huzuia kurudishwa*.

Tazama pia: asetilikolini, homoni, kimeng'enya, kipokezi, kiuatilifu, mnanaha, mshipa, neva.